Tukihamia klaudi, bakapu bado za nini?

SWALI: Habari za kazi. Mi ndo natunza kompyuta za saccos yetu hapa Morogoro. Databesi ni PostgreSQL, ipo kwenye seva chini ya meza ya mhasibu, umeme ukikatika UPS inalia na sisi tunamuomba Mungu. Bodi imekubali tuhamie klaudi, yaani seva za kukodi kwenye intaneti, ila mwenyekiti anasema tukishahamia habari za bakapu basi, huko hakuharibiki. Kweli? Na tunahamaje bila kufunga ofisi?

JIBU: Mwambie mzee, kwa heshima zote, kunaharibika. Machi 2021 jengo zima la seva za kampuni ya klaudi ya OVHcloud pale Strasbourg, Ufaransa, liliteketea, na wateja ambao bakapu zao zilikuwa hukohuko walipoteza data moja kwa moja.

Halafu msije mkauziwa replika, yaani databesi pacha inayoiga ile kuu papo hapo, mkaambiwa ndo bakapu. Replika inafuata kila kitu, karani akifuta mikopo kimakosa saa nne asubuhi, na kwenye replika imefutika muda uleule, wakati bakapu pamoja na faili za WAL (kumbukumbu ya kila badiliko kwenye databesi) inawarudisha mpaka dakika moja kabla hajagusa. Bakapu hiyo ikae mkoa mwingine wa klaudi, yaani vituo vya seva vya eneo jingine, akaunti nyingine, nywila nyingine. Na kila baada ya miezi kadhaa irudisheni kwenye seva tupu muone kama salio za wanachama zinalingana, maana bakapu ambayo haijawahi kurudishwa mi siihesabu.

Kuhama kwenyewe wala kusikutishe. Data za giga chache, Jumamosi mkishafunga piga pg_dump, amri ya PostgreSQL ya kutoa nakala ya databesi nzima, rudisha kule, linganisha hesabu, kwisha. Ikiwa kubwa sana kuna lojiko replikesheni, ipo tangu toleo la 10 la PostgreSQL, inahamisha huku mnaendelea na kazi, ila kwa matoleo mengi haisogezi sikwensi, yaani vihesabio vinavyotoa namba inayofuata, ukisahau hapo namba za risiti za Jumatatu zitagongana na za zamani.

Kingine watu hawakiwazi ni njia. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya intaneti ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, intaneti huku ikawa ya kusuasua. Tuseme data yako iko kwenye seva za klaudi za Johannesburg, nzima kabisa, na huifikii! Kwa hiyo hiyo seva ya chini ya meza msiiuze, iwekeeni nakala ya kila usiku ya kuangalizia salio.

Na kabla ya kusaini chochote ongeeni na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria ya 2022 ina masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi.