Kompyuta na jeni za ugonjwa wa moyo: maswali yenu

Kompyuta inajuaje jeni fulani inahusika na moyo?
Haijui, inashuku tu. Binadamu ana jeni kama 20,000 za kutengeneza protini, huwezi kuzipima zote moja moja maabara, kwa hiyo programu inaanza na zile zinazojulikana tayari, mfano LDLR inayosaidia ini kuondoa kolestro mbaya kwenye damu, halafu inaangalia protini zipi zingine zinashikana nayo, zinafanya kazi kwenye ini au mishipa, kisha inazipa maksi. Zenye maksi nyingi ndo zinaenda maabara kwanza.

Kwani ikishaonyesha si basi, kwanini tena maabara?
Aa wapi. Mwaka 2007 timu kadhaa tofauti zilikuta kipande kilekile cha kromosomu ya 9 (kromosomu ni kifurushi cha DNA ndani ya seli) kinaenda sambamba na ugonjwa wa moyo, lakini kipande chenyewe hakitengenezi protini, na ubishi wa kinafanya nini hasa umechukua miaka mingi. Kuonyeshwa pa kutafutia sio ushahidi.

Hizi tafiti za Wazungu sisi Waafrika zinatuhusu nini?
Ndugu yangu, hili swali nalipenda sana. Mwaka 2006 watafiti wa Dallas, Marekani, walitoa matokeo ya Wamarekani weusi 3,363, wakakuta asilimia 2.6 wana jeni ya PCSK9 (ile inayopunguza uwezo wa ini kuondoa kolestro mbaya) iliyoharibika, na hao kolestro mbaya yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulipungua kwa asilimia 88!! Yaani jeni mbovu ikawakinga. Dawa za kuizuia PCSK9 zikaruhusiwa 2015, na leo zinatibu watu wa rangi zote. Sasa cha kuumiza, data nyingi zinazofundishia hizi programu bado ni za watu wenye asili ya Ulaya, ndo maana makadirio yake yanakosea zaidi kwetu. Tunahitaji damu zetu zisomwe, kwa ridhaa yetu, na wanasayansi wetu wakiwepo mezani.

Baba alipata shambulio la moyo na miaka 45, nikapime DNA?
Pole sana dada. Anza na kolestro, presha na sukari, wiki hii ikiwezekana, na umwambie daktari huo umri wa baba bila kuficha. Kolestro ikitoka juu sana, hapo ndo muulize kuhusu kipimo cha jeni, na wadogo zako nao wapime.