Nepi ya kitambaa ikivuja mapajani

Usikimbilie kuongeza kitambaa cha pili, mara nyingi tatizo ni ukingo. Kipande kidogo tu cha kitambaa kikichungulia nje ya kifuniko cha plastiki kinavuta mkojo kama utambi wa taa, na suruali yote inalowa wakati nepi yenyewe bado ina sehemu kavu. Ukishafunga, pitisha kidole kuzunguka kila paja na usukumie ndani kilichotokeza. Lastiki ikae kwenye mkunjo wa kinena, si chini pajani. Iguse ngozi bila kuibana.

Imekaa sawa na bado inavuja? Dondoshea maji kwenye kitambaa kikavu. Matone yakisimama juu badala ya kuzama, kuna utando: dawa ya kulainisha nguo (achana nayo kabisa kwa nepi) au mafuta unayompaka makalioni. Fua kwa maji ya moto na sabuni, suuza mpaka povu liishe. Pamba mpya nayo hainyonyi vizuri hadi ifuliwe mara kadhaa.

Nimelea wangu wawili kwa nepi hizi. Wa kiume nilikuwa namkunjia unene mbele, wa kike katikati, na mchana nabadilisha kila baada ya saa mbili hivi. Usiku ni habari nyingine, hapo ndipo kitambaa cha ziada kinahitajika kweli.