Roboti ya Polisi na Dakika Nane

SWALI: Dada mhariri, pokea salamu. Juzi binti yangu wa Gredi ya Sita alinionyesha kwenye simu katuni fupi ya Kijapani, Patlabor Reboot ya 2016. Nilifurahi mno, kwa sababu nikiwa chuoni nilitazama Patlabor za zamani, zile za maroboti ya polisi, kwenye diski tulizokuwa tukinunua mjini. Lakini chai haijapoa, ikawa imekwisha. Mbona wafufue kitu kikubwa namna ile halafu watupe dakika nane tu? Na zile za zamani, nimwonyeshe mtoto sasa au ningoje? — Baba wa Wawili, Kayole

JIBU: Ndugu yangu wa Kayole, nianze na hilo linalokuuma. Dakika hizo nane hazikukatwa kutoka kwenye kitu kirefu. Mwaka 2014 studio ya katuni ya Khara, ya mwongozaji Hideaki Anno, ilishirikiana na kampuni ya Dwango kuanzisha mradi wa filamu fupi, waongozaji mbalimbali wakapewa dakika chache kila mmoja wajaribu walichotaka. Patlabor Reboot ilizaliwa katika mkondo huo. Mwongozaji wake, Yasuhiro Yoshiura, alizaliwa 1980, kwa hiyo Patlabor ilipoanza 1988 alikuwa mdogo kuliko binti yako. Wazee wa kazi hawakumwacha peke yake. Hadithi aliiandika pamoja na Kazunori Ito, mmoja wa wale watano wa kundi la Headgear walioibuni Patlabor, na muziki ni wa Kenji Kawai yuleyule wa zamani.

Mimi ufupi wake haukunisumbua, na sababu yake ni ya nyumbani kwetu.

Baba yangu alikuwa mwendeshaji wa eskaveta. Barabara ya Thika ilipokuwa ikipanuliwa, nilikuwa nikimpelekea chakula kule Roysambu. Mashine yake aliiita Kadogo, ingawa ndoo yake peke yake ingetubeba mimi na dada zangu wawili. Asubuhi hakuiwasha kabla ya kuizunguka, kupapasa mipira ya mafuta na kuinama kuangalia kama kuna tone chini. Na akishapanda, kuchimba ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Kulikuwa na kijana wa bendera, kulikuwa na mama wa mahindi aliyekataa katakata kuhamisha jiko lake, kulikuwa na bomba la maji ambalo hakuna mtu aliyejua limepita wapi. Baba alikuwa akisogeza ule mkono wa chuma polepole kama anayemvisha mtoto shati.

Patlabor ndiyo katuni pekee ya maroboti niliyoiona ikielewa hayo. Zile Labor, yaani maroboti yake, si silaha zilizoshuka kutoka angani, ni mitambo ya kazi, na nyingi ziko kwenye mradi mkubwa wa ujenzi katika Ghuba ya Tokyo. Mitambo ikizidi, wanatokea wa kuiiba, wa kulewa nayo na wa kuvunjia nyumba za watu, basi polisi nao wanaunda kikosi chenye mitambo yao, Ingram, yenye urefu wa mita nane hivi. Wana mafundi wenye ovaroli chafu na mkuu wa kikosi anayewaza gharama za kila kitakachobomolewa. Noa Izumi, msichana anayeendesha Ingram ya kwanza, ameipa jina la Alphonse, jina la mbwa wake wa utotoni. Siku nilipofika hapo nilisimamisha diski nikampigia baba simu.

Sasa rudia ile fupi, na safari hii usiifuate roboti. Mtazame kila aliye kando yake. Angalia mtaa wenyewe ulivyobana, nyumba za watu zilivyo karibu, na wapita njia walioinua simu wapige picha, jambo ambalo Patlabor ya 1988 isingeweza kuwa nalo. Sikiliza uzito mguu unapotua. Yoshiura alijua hana nafasi ya kutujengea wahusika wapya tukawapenda, akatupa tukio moja la kazi, kuanzia mwito hadi mwisho wake. Kwangu hiyo ni heshima kubwa kwa kitu cha zamani. Ningependa iendelee? Sana, tena leo.

Kuhusu mtoto, mwanzishie zile sehemu saba zilizoanza kutoka 1988. Zina vichekesho, na atampenda Noa. Mfululizo wa televisheni wa 1989 una sehemu 47, huo ni wa likizo ya Desemba. Filamu ya pili, ya 1993, iache hadi awe sekondari. Ni ya polepole, inahusu vita na amani na wakubwa wanaodanganyana, nami niliielewa nikiwa na miaka zaidi ya ishirini.

Filamu ya kwanza, ya 1989, ndiyo ya kutazama pamoja, wewe ukiwa umekaa hapo hapo kwenye kochi, kwa sababu inafunguka na mtu anayejiua na binti yako atauliza. Mjibu, kisha endeleeni. Mwongozaji ni Mamoru Oshii, na tatizo lote limefichwa ndani ya programu inayoendesha zile Labor. Mnaishi Kayole, mnajua upepo unavyolia ukipita kati ya maghorofa. Filamu ikianza kuzungumzia upepo, ongeza sauti, na usimweleze kitu mpaka agundue mwenyewe.