Kabla ya kuuliza elektroni ngapi, uliza nyuzi ngapi

Kila msimu wa miradi ya mwaka wa tatu ukifika, wanafunzi hunijia maabara na daftari mkononi na swali lilelile: "Mwalimu, nimepata momenti ya sumaku (yaani nguvu ya kisumaku ya ioni moja) kiasi hiki, nina elektroni pweke, zile zisizo na jozi, ngapi?" Nami huwajibu kwa swali: ulipopima, chumba kilikuwa na nyuzijoto ngapi? Hapo wengi huanza kuangalia dari. Uzito wameuandika hadi desimali ya nne, mkondo wa umeme wameuandika, joto hawana. Ushauri wangu kwa anayeanza kupima usumaku wa kampaundi za metali za mpito, kama manganizi, chuma, kobalti na shaba, unaanzia hapo. Jengea safu ya joto kwenye jedwali lako kabla hujawasha mizani.

Tuchukue salfeti ya manganizi, ile chumvi ya waridi hafifu ambayo stoo nyingi za kemikali hazikosi. Ioni yake yenye chaji mbili ina elektroni pweke tano. Kwa fomula ya momenti ya darasani, kipeuo cha pili cha n(n+2), n ikiwa idadi ya elektroni pweke, unapata 5.92, na vipimo halisi huangukia karibu sana na hapo. Sasa fikiria ni mchana wa Februari, chumba kina nyuzi 33 za Selsiasi, na mwanafunzi anaingiza 33 kwenye hesabu badala ya kelvini 306, yaani Selsiasi ukijumlisha 273. Jibu linatoka 1.94. Ubaya wa jibu hili ni kwamba halionekani baya. Linafanana na la ioni yenye elektroni pweke moja, na nimewahi kusoma ripoti iliyojaza ukurasa mzima ikieleza jinsi elektroni nne za manganizi zilivyojipanga jozi. Maelezo mazuri, mchoro safi, ya jambo ambalo halikutokea. Angepata 40 au 0.003 angeshtuka mwenyewe na kurudia.

Joto linaingia kwenye fomula kwa sababu ya msingi. Kila elektroni pweke ni kisumaku kidogo. Uga wa sumaku unavuta visumaku hivyo vielekee upande mmoja, na joto linavitikisa visitulie. Pierre Curie alichapisha mwaka 1895 matokeo yaliyoonyesha kwamba saseptibiliti, yaani kiasi ambacho dutu ya namna hii inaitikia uga, hupungua kwa uwiano uleule ambao joto la kelvini linapanda. Kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, chumba kina kelvini 293. Umeme ukikatika, saa chache baadaye kina 306. Saseptibiliti ya manganizi yako imeshuka zaidi ya asilimia 4 na hujagusa kitu. Momenti inasamehe kidogo, kwa kuwa inatokana na kipeuo, lakini ukilinganisha saseptibiliti yako na ya kwenye jedwali la vitabu, tofauti hiyo inaonekana wazi.

Kwa anayetumia mizani ya Gouy, ile inayopima jinsi uzito wa sampuli unavyobadilika ikiwa kati ya ncha za sumaku, nina mambo machache ninayoyasisitiza hadi nachosha watu. Weka kipimajoto karibu na ncha za sumaku, palipo na mrija wa sampuli, usitegemee kile cha ukutani. Koili za sumaku ya umeme hupata moto kazi ikiendelea, na hewa ya hapo katikati hupanda taratibu bila mtu kuhisi. Kipimajoto kiwe cha kioo. Chenye mwili wa chuma kitavutwa na kukuharibia kila kitu. Sampuli iliyotoka kwenye ovena au friji iache ifikie joto la chumba kwanza. Jaza unga kwenye mrija kidogo kidogo, ukigonga kitako chake juu ya ubao kila mara, maana unga uliolegea hutoa jibu dogo na utalisingizia joto bure. Na ile chumvi ya kobalti na zebaki inayotumika kusawazishia mizani, thamani yake ya 16.44 × 10⁻⁶ kwa gramu katika vizio vya cgs (sentimita, gramu, sekunde) ni ya nyuzi 20. Ukiwa kwenye 30, irekebishe.

Sasa nije kwenye kampaundi ninayoipenda kuliko zote, asetati ya shaba yenye maji. Iko karibu kila mahali, rangi yake bluu-kijani iliyokolea. Shaba yenye chaji mbili ina elektroni pweke moja, kwa hiyo unategemea 1.73 au zaidi kidogo, kama salfeti ya shaba inavyotoa. Asetati inakupa kama 1.4. Wanafunzi hulaumu mizani, hulaumu aliyejaza mrija, wengine huitupa sampuli. Mizani haina kosa. Ndani ya fuwele, atomu za shaba hukaa mbili mbili, zimefungwa pamoja na asetati nne, na elektroni pweke ya huku hupenda kuelekea kinyume na ya kule. Zikielekeana kinyume, usumaku wake unafutana. Kwenye joto la chumba, msukosuko unazitenganisha baadhi tu, ndiyo maana unapata kiasi kile cha nusu nusu. Wanafizikia Bleaney na Bowers walilieleza jambo hili mwaka 1952, na mlinganyo wao bado unatumika.

Poza asetati hiyo uone. Kwa kanuni ya Curie, kutoka kelvini 300 hadi 255 saseptibiliti ingepanda kwa karibu asilimia 18. Hii inapanda kidogo sana, inafika kilele karibu na 255, kisha inaanza kuporomoka. Kelvini 255 ni nyuzi 18 chini ya sifuri, joto la friza ya kawaida ya nyumbani. Hakuna mfano bora wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba kipimo kimoja kwenye joto moja hakitoshi.

Kwa hiyo, kama kifaa chako kinaruhusu, pima kwenye joto tofauti tofauti, kisha chora grafu ya saseptibiliti ukiizidisha kwa joto, dhidi ya joto lenyewe. Mstari ukilala bapa, visumaku vyako havina habari na majirani zao. Ukishuka kadiri unavyopoza, huenda majirani wanapingana. Ukipanda, wanaungana mkono. Nimesema "huenda" kwa sababu ya kobalti. Ioni ya kobalti yenye chaji mbili, ikizungukwa na ligandi sita (molekuli au ioni zinazoshikamana nayo), hutoa momenti ya 4.7 hadi 5.2 kwenye joto la chumba badala ya 3.87, na mstari wake hushuka ukipozwa hata kama iko peke yake kabisa. Chanzo ni mwendo wa elektroni kuzunguka kiini, ambao nao unachangia usumaku. Usikimbilie kuandika "kuna mwingiliano" kabla hujaiondoa sababu hiyo.

Mstari ukiruka ghafla kama ngazi, furahi. Kampaundi ya chuma yenye ligandi za fenanthrolini mbili na thiosayaneti mbili hufanya hivyo karibu na kelvini 176: juu ya hapo ina elektroni pweke nne, chini ya hapo hazipo. Bahati mbaya inahitaji naitrojeni kimiminika. Zipo za chuma na triazoli, ligandi nyingine, zinazobadilika juu ya joto la chumba, zambarau kuwa nyeupe zikipashwa, na hizo macho tu yanatosha.

Asiye na mizani wala naitrojeni asikate tamaa. Sufuria ya umeme ya kupikia wali ina kipande cha feraiti, oksidi ya chuma iliyochanganywa na metali nyingine, katikati pale chini kwenye kile kitufe chenye springi. Feraiti hiyo imeshikwa na sumaku ya kudumu. Maji yakiwepo, joto halivuki 100; yakikauka linapanda, na kwenye nyuzi kama 103 feraiti inapoteza usumaku, springi inaisukuma sumaku, unasikia tak, swichi imeruka. Hata Nairobi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi kama 95, wali unaiva kwa mtindo huohuo. Chuma chenyewe kinahitaji nyuzi 770, magnetaiti kama 580, nikeli kama 358. Sumaku za neodimiamu msizijaribu jikoni: nyingi za kawaida huanza kupoteza nguvu moja kwa moja zikipita nyuzi 80, na hazirudi zilivyokuwa.

Mwalimu aliye Pwani ana mchanga mweusi pia. Ule uliochimbwa Kwale, Kenya, hadi mwishoni mwa 2024 ulikuwa na madini ya ilmenaiti, rutili na zirkoni. Ilmenaiti ina ioni za chuma zenye elektroni pweke, kwa hiyo sumaku kali huivuta. Rutili na zirkoni hazina, zinabaki, na ndivyo kiwanda kilivyozitenganisha. Ipoze ilmenaiti hiyohiyo chini ya kelvini 60 na visumaku vyake vinajipanga vikipingana.

Mwisho, kwa wanaopima usumaku wa myeyusho kwa njia ya Evans kwenye mashine ya NMR, ile inayosoma mwitikio wa viini vya atomu ndani ya sumaku kali. Namba ya joto inayosomeka kwenye skrini ni ya kihisi, na joto la ndani ya mrija linaweza kutofautiana nayo kwa nyuzi kadhaa. Lisawazishe kwa methanoli ukienda kwenye baridi, kwa ethilini glaikoli ukienda kwenye moto. Halafu kumbuka kwamba kiyeyusho hujibana kikipoa: myeyusho ulioutengeneza kwenye nyuzi 25 una mkolezo mkubwa zaidi kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, na usiporekebisha densiti yake, momenti yako itaonekana inabadilika na joto wakati kilichobadilika ni ujazo.