Mzee akingoja operesheni ya mshipa wa mguu, msimlaze tu

Naongea na nyinyi mlio na mzee nyumbani ambaye ameambiwa mishipa ya damu ya mguu imeziba. Mimi nimemuuguza baba mkubwa huku Arua, Uganda, amelima tumbaku na kuivuta tangu ujana, kisukari nacho juu, na kuna jambo naona halisemwi vya kutosha: vile mgonjwa anatembea kabla ya kuingia thieta kunaamua mengi sana ya baadaye.

Anayetembea mwenyewe ana nafasi nzuri zaidi ya kupona, kubaki na mguu na kurudi nyumbani akijitegemea kuliko anayeshikwa mkono, na wa kitandani kabisa ndio yuko hatarini zaidi, mpaka wengine daktari anaona heri kukata mguu kuliko kuunganisha mshipa mpya wa kupitisha damu pale palipoziba. Ni kweli asiyetembea mara nyingi moyo au figo pia vimechoka, hilo hatuliwezi, lakini misuli na viungo viko mikononi mwetu.

Tabu ni hii heshima yetu. Mzee akiumwa kila mtu ni kaa tu mzee, maji analetewa, hata ndoo ya choo anawekewa chumbani, mara mapaja yamekwisha. Halafu usiku maumivu yanazidi akilala, ananing'iniza mguu nje ya kitanda damu ishuke, anapata nafuu, basi analala hivyo hivyo goti limekunjwa kila usiku mpaka linakataa kunyooka, sasa hata mshipa mpya ukipitisha damu vizuri atasimama vipi? Baba mkubwa asubuhi tulikuwa tunamnyoosha goti taratibu, anakaza paja, anaachia, anarudia. Fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ndiye alituonyesha.

Kama ni maumivu ya kigimbi yanayokuja akitembea na kupoa akisimama, na hana kidonda, kutembea kwenyewe ni dawa. Atembee mpaka iume kweli, asimame ipoe, aendelee, nusu saa hivi au zaidi, mara 3 kwa wiki, miezi 3. Kuna ambao baada ya hapo operesheni haihitajiki tena. Ila mwenye kidonda, au kidole kimeanza kuwa cheusi, au mguu unauma hata amepumzika, hiyo haimhusu, awahi hospitali na muulize aukanyage kiasi gani.

Na kwa daktari semeni ukweli jamani. Wazee wanaona aibu, baba mkubwa alijibu natembea vizuri tu, ikabidi niseme kwa adabu kwamba anashika ukuta kufika choo. Daktari anapanga kwa kile anachoambiwa.

Baada ya operesheni, wakiruhusu, atoke kitandani mapema, maana kulala sana kunaleta damu kuganda, nimonia na vidonda vya mgongoni. Wodi zetu fizio ni wachache, kwa hiyo hiyo kazi ni ya wewe unayeuguza: omba dawa ya maumivu apewe kabla, akae kwanza pembeni ya kitanda, kizunguzungu kikiisha asimame, hatua chache zinatosha kuanzia. Mguu utavimba, ni kawaida, akikaa uinuliwe juu ya kiti, asiukunje goti muda mrefu. Lakini ukiona unyayo umekuwa baridi ghafla, umepauka, au maumivu mapya makali, usingoje kliniki ya wiki ijayo, tafuta gari saa hiyo hiyo mrudi.