Kujaza risasi mwenyewe na kulainisha bastola ya mashindano: aliyeuliza aanzie wapi

Mkuu, nafupisha swali lako ili wanaokuja nyuma wasipotee. Uko Marekani, una kadi ya ukaazi wa kudumu, umeanza mashindano ya USPSA (mchezo wa kupiga shabaha kwa kasi) mwaka jana na bastola ya CZ ya milimita 9. Risasi za dukani zinakumaliza mfuko, unataka kununua presi (mashine ya mkono ya kujazia risasi) ujaze mwenyewe. Wakati huohuo kuna jamaa klabuni kwenu anataka kukubadilishia springi ili kifyatulio kiwe laini. Unauliza uanze na lipi.

Anza na risasi. Springi ziguse mwisho. Na kabla ya vyote viwili, amua utatumia fataki (kile kidude cha kitako cha ganda kinachowasha baruti) za aina gani, kwa sababu hapo ndipo mimi nilipoumbuka. Najaza kwenye gereji yangu hapa Minnesota, mwaka wa saba huu, na makosa nitakayoyataja ni yangu mwenyewe.

Kama lengo lako ni kuokoa pesa, sahau. Nimeona wengi, hakuna aliyeokoa. Gharama ya risasi moja inashuka kweli, maana ganda unaliokota bure (utazoea kutambaa kwenye kokoto kama kuku), na ratili moja ya baruti ina greni 7,000 wakati risasi ya milimita 9 inakula greni chache tu, kwa hiyo kopo moja linatoa zaidi ya risasi elfu moja. Ila utafyatua mara mbili ya ulivyokuwa ukifyatua, na shemeji ataona bili ni ileile. Halafu likija balaa la uhaba kama la 2020 na 2021, fataki elfu moja nilizozoea kununua kwa chini ya dola 40 zilipita 100, na siku nyingi hazikuwepo kabisa. Faida ya kujaza ni nyingine: unapata risasi iliyopimwa kwa bastola yako na kwa kanuni za mchezo.

Kanuni yenyewe ni pawa fakta. Mchezo huu uliwekewa msingi wake 1976 kule Columbia, Missouri, IPSC, shirika la kimataifa la mchezo huu, ilipoundwa na Jeff Cooper akawa rais wake wa kwanza, na tangu hapo unapimwa kwa mambo matatu: usahihi, nguvu na kasi. Hiyo nguvu ndiyo pawa fakta. Chukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, zidisha kwa kasi yake ya futi kwa sekunde, gawa kwa 1,000. Kwa daraja la chini, ambalo ndilo la milimita 9 yako, lazima ufike 125. Risasi nyingi za dukani zinapita hapo kwa mbali, na ziada yote hiyo inakupiga teke mkononi bila kukuongezea alama hata moja. Ukijaza mwenyewe unalenga 130 hivi na kilengeo cha mbele kinatulia. Wengi tunatumia kichwa kizito cha greni 147 kinachokwenda polepole. Kinahitaji baruti kidogo, gesi inayotoka mdomoni mwa mtutu ni kidogo, na teke linakuwa kama la kusukumwa badala ya kuchapwa.

Usishuke sana, lakini. Mwaka wangu wa pili nilipima risasi zangu Julai, jua linawaka, kronografu (kipima kasi ya risasi) ikasoma wastani wa futi 870. Nikazidisha kwa 147 iliyoandikwa kwenye boksi, nikapata 127.9, nikaridhika. Oktoba nikaenda mashindano makubwa ya jimbo, asubuhi nyuzi joto 4, risasi zimelala kwenye gari usiku kucha. Wakachukua sampuli, wakavunja moja na kupima kichwa: 146.3. Wakafyatua tatu, wastani 850. Piga hesabu mwenyewe: 124.3. Wakafyatua tatu nyingine na kuchukua zile tatu zenye kasi zaidi, bado. Inabaki risasi moja ya mwisho, nayo unachagua wewe: ivunjwe kichwa kipimwe upya, au ifyatuliwe. Nikasema ifyatuliwe. Haikutosha. Nikaruhusiwa kuendelea kucheza siku mbili zote, bila alama. Nilikuwa nimeendesha saa nne kwenda, na nimelipia hoteli.

Baruti nyingine zinapungua kasi kwenye baridi, nyingine hazijali sana. Pima zako siku ya baridi kuliko zote utakazochezea, na vichwa vyenyewe vipime kwenye mizani, usiamini karatasi ya boksi.

Sasa presi. Hapa huwa sitaji kipimo cha baruti, na yeyote atakayekutumia namba kwenye meseji mwambie asante kisha uifute. Nunua kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, anzia kipimo cha chini kabisa alichoandika, panda taratibu. Greni moja ni miligramu 65 hivi, yaani kama punje tatu za mchele. Ukikosea kwa punje tatu za mchele kwenye ganda dogo kama la milimita 9 umebadilisha habari yote.

CZ ina jambo lake ambalo kitabu hakitakuambia. Mitutu yake mingi ina koo fupi, yaani ile sehemu laini mbele ya chemba (pale risasi inapokaa) kabla mifereji inayozungusha kichwa haijaanza. Risasi yenye urefu wa kitabuni inaweza kugota kwenye mifereji hata slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma na mbele, isifunge vizuri. Kwa hiyo toa mtutu kwenye bastola, ushike mdomo ukitazama chini, dondosha risasi ndani. Inatakiwa ianguke na kulia "tak", uizungushe kwa ncha ya kidole izunguke bila kukwaruza, ugeuze mtutu itoke yenyewe. Yangu ya kwanza ilinasa, nikaivuta kwa kucha. Nilikuja kukaa zaidi ya milimita moja chini ya urefu wa kitabu. Ukisukuma kichwa ndani zaidi, nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda, kwa hiyo kila ukifupisha risasi unarudi kwenye kipimo cha chini na kuanza kupanda upya. Watu wengi hii hawaijui au wanaona uvivu.

Kosa lingine lilinichukua mwezi mzima kuligundua. Natumia vichwa vya madini ya risasi vilivyopakwa rangi ngumu, ni rahisi kwa bei. Kwenye karatasi ya shabaha nikawa naona matundu mengine si ya duara, yamechanika marefu kama tundu la ufunguo. Kichwa kilikuwa kinafika kimelala ubavu. Nikalaumu mtutu, nikalaumu baruti. Siku moja nikavunja risasi zangu kumi kwa ile nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa nikavitazama: kila kimoja kina mstari shingoni, rangi imekatwa, madini ya risasi yanaonekana. Dai (kifaa cha chuma kwenye presi kinacholipa ganda umbo) ya mwisho, ile ya kubana mdomo wa ganda, nilikuwa nimeiteremsha mno. Ilikuwa inanyonga kichwa, kinapungua unene, hakishiki mifereji. Kazi ya dai hiyo ni kunyoosha tu ule mdomo uliotanuliwa mwanzo. Nikaipandisha kwa robo mzunguko, matundu yakawa duara.

Kuhusu hatari. Mimi huwa nalala saa nne usiku. Mama yangu Morogoro akishaswali alfajiri ananipigia WhatsApp, na saa kumi na moja na nusu alfajiri kule, majira ya kiangazi, ni saa tatu na nusu usiku huku. Siku hiyo niko kwenye presi, simu ikaita, nikaongea naye nikiwa nimeshika mpini. Nikarudi kazini. Jumamosi yake uwanjani, katikati ya zamu, nikasikia "pu" badala ya mlio. Mkono ulikuwa tayari unavuta slaidi niingize nyingine. Mwamuzi akanguruma "Stop!" kabla sijamaliza, Mungu si Athumani. Tukafungua bastola: kichwa kimekwama ndani ya mtutu sentimita chache kutoka chemba. Ganda halikuwa na baruti, fataki peke yake ndiyo iliyokisukuma. Kama ingefuata risasi nzima nyuma yake mtutu ungepasuka nikiwa nimeukumbatia kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo simu inabaki sebuleni. Nimefunga taa ndogo ya LED juu ya presi inayomulika ndani ya kila ganda, natazama kabla ya kuweka kichwa. Na nimechagua baruti yenye ujazo mkubwa, kiasi kwamba nikiweka mara mbili kwa bahati mbaya ganda linafurika na meza inachafuka. Nikikatizwa kwa lolote, maganda yote yaliyoko kwenye presi nayatoa na kuyamwaga. Mama siku hizi namwambia nipo bafuni.

Madini ya risasi yenyewe ni sumu pia. Nilikuwa nasafisha maganda kwenye ile mashine ya kutikisa yenye mabaki ya mahindi, chini ya nyumba, madirisha yamefungwa kwa baridi. Daktari akapima damu, madini ya risasi yakaonekana juu ya kawaida. Vumbi lile lina mabaki ya fataki. Sasa naosha kwa maji na sindano za chuma cha pua, maji machafu hayagusi jiko, na mikono naosha kwa maji baridi na sabuni kabla sijabeba mtoto.

Ndipo tunafika kwa jamaa yako wa springi. Springi ya nyundo ikilegezwa, kifyatulio kinakuwa kama siagi, hilo ni kweli. Ila nyundo inapiga kwa nguvu ndogo, na fataki hazifanani: za Federal zinajulikana kwa kuwaka kirahisi, nyingine ngumu kama karanga mbichi. Mimi nililegeza springi kwanza. Ukame wa fataki ulipokuja nikanunua nilizozipata, za nje, ngumu. Mashindano ya kwanza zikagoma tatu, na kila moja inakula sekunde mbili za kuitupa na kuendelea. Alama zako zinagawanywa kwa muda, kwa hiyo fikiria.

Kitu kimoja kabla hujalaumu springi: risasi iliyogoma ikiwaka ukiipiga mara ya pili, mara nyingi kosa ni la presi. Fataki haikuzama vya kutosha, pigo la kwanza limeisukuma mpaka chini na la pili ndilo limeiwasha. Pitisha kidole kwenye kitako cha kila risasi, fataki iwe chini kidogo ya usawa wa ganda. Ikijitokeza hata kidogo itakugomea, tena si salama.

Springi ya kurudisha slaidi ni hadithi nyingine na hii ndiyo inayoleta raha. Ya kiwandani imepangwa kwa risasi kali. Ukiweka risasi laini ya 130, springi ngumu inarudisha slaidi kwa pupa na mdomo wa bastola unainama chini kila mara. Nunua pakiti ya springi za paundi tofauti, zina bei ya chakula cha mchana. Fyatua kumi kumi ukitazama kilengeo cha mbele tu, uone ipi inakirudisha palepale. Ikizidi ulaini slaidi haitafunga vizuri bastola ikichafuka.

Meno yanayoshika nyundo usiyaguse. Mimi ni fundi wa mashine za kuchonga vyuma, nilidhani nina mkono, nikapitisha jiwe la kunolea mara chache tu. Nyundo ikaanza kudondoka nikirudisha slaidi kwa nguvu bila risasi ndani. Nikanunua kipande kipya nikampa fundi bunduki akifunge, na nikakaa kimya klabuni.

Kwa vijana walioko kwa viza ya masomo au ya kazi ya muda: sheria ya shirikisho hapa inakukataza kumiliki bunduki na risasi, ina misamaha michache kama leseni halali ya kuwinda, kwa hiyo ona mwanasheria kabla hujagusa presi ya rafiki. Mwenye haki ya kumiliki hahitaji leseni ya shirikisho kujaza risasi za matumizi yake. Akianza kuwauzia wenzake, hapo anahitaji leseni ya mtengenezaji. Na wale wanaonitumia ujumbe kutoka Nairobi na Dar: huko kutengeneza risasi bila kibali ni jinai, msinunue dai mtandaoni mkategemea forodha italala. Bakini na za kiwandani.

Mkuu, kabla hujalipia presi fanya ule mtihani wa "tak" na risasi za dukani ulizonazo, za vichwa vya aina mbili tatu, kisha uweke hapa urefu ulioanza kunasa na aina ya kichwa. Na muulize huyo jamaa alifunga springi ya paundi ngapi kwenye yake, na anatumia fataki gani.