Mkosoaji wa ndani anapomlemea mteja katika kazi ya viti viwili

SWALI: Mimi ni mshauri nasaha niliyeanza hivi karibuni kutumia viti katika vikao, ambapo mteja huhama kiti hadi kiti na kila kiti huwa cha sauti moja ya nafsi yake. Nina mteja anayejilaumu kupita kiasi. Nilimwomba ahamie kiti cha pili na awe ile sauti inayomlaumu, naye akaisema kwa ukali ulionishangaza. Aliporudi kwenye kiti chake aliinamisha kichwa, akasema, “Ni kweli, sifai,” kisha akanyamaza. Nilimwomba ajitetee, akashindwa. Je, nilipaswa kusimamisha zoezi? Na je, kazi hii inawezekana kwa njia ya video?

JIBU: Ndugu mshauri, hukuwa na sababu ya kusimamisha zoezi kwa hayo tu uliyoyaeleza. Kuporomoka kwa mteja mbele ya mkosoaji wake, yaani ile sauti ya ndani inayomlaumu, ni jambo la kawaida katika kazi ya viti viwili. Leslie Greenberg na wenzake, ambao katika tiba inayolenga hisia waliichukua mbinu iliyotumiwa na Fritz Perls kwenye tiba ya Gestalti (inayosisitiza yale mtu anayoyapitia sasa hivi) na kuipa hatua zilizo wazi zaidi, wanakuhesabu kuporomoka huko kuwa sehemu ya mchakato wenyewe. Kwa maoni yangu, kilichokikwamisha kikao chako ni lile ombi la kumtaka ajitetee. Mtu aliyelemewa na aibu hana hoja mkononi, na hata akiipata itakuwa hoja ya kichwani tu, ilhali mkosoaji amekwisha kuzoea kwa miaka mingi kujibu kila hoja ya namna hiyo.

Mteja akiporomoka, kaa naye palepale alipoangukia. Muulize taratibu: “Unapoyasikia maneno hayo, ndani yako kunatokea nini? Unayahisi wapi mwilini?” Huenda akajibu kwamba amechoka au amekata tamaa. Jibu hilo lisiishie kwako, bali mwombe alielekeze kwenye kile kiti: “Ukiniambia hivyo, nakata tamaa.” Badiliko hili dogo ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa kuwa anayesema “huwa inanifanya nijione mnyonge” anakusimulia habari zake, lakini anayesema “unaniumiza” ameingia katika tukio lenyewe. Chini ya kukata tamaa mara nyingi huwa kuna maumivu, huzuni au hofu ambayo haijawahi kupewa nafasi ya kusemwa. Hisia hiyo ikijitokeza, usiharakishe, mpe muda, kisha uliza: “Unahitaji nini kutoka kwake?” Nguvu ya kumkabili mkosoaji hutoka hapo, katika haja iliyotambuliwa, na ndiyo maana haikupatikana ulipoiomba mapema.

Angalia pia jinsi mkosoaji alivyozungumza. Neno “hufai” ni pana mno, na mteja hawezi kulishika mahali popote. Ingawa huenda ukaona kana kwamba unaongeza ukatili, mwombe aliyeketi kwenye kiti hicho aseme hasa anamlaumu kwa lipi, lini na kwa nini, kwa sababu lawama mahususi huamsha hisia mahususi. Usipitwe na sauti, uso na mikono, maana mara nyingi ni dharau iliyomo katika kutamka, zaidi ya maneno yenyewe, inayomjeruhi mtu. Ukiona midomo imebetuliwa, mwambie: “Fanya hivyo tena, umwonyeshe unavyomdharau.”

Baada ya haja kutamkwa, mrudishe kwenye kiti cha mkosoaji na uulize: “Umeyasikia hayo, sasa unajisikiaje?” Wakati mwingine ukali hulegea na hofu iliyojificha nyuma yake hujitokeza: “Naogopa utaaibika tena.” Wakati mwingine haulegei. Usiulazimishe, kwani ulegevu wa kuombwa hauna thamani.

Hapa ndipo wataalamu wanapotofautiana, na inakupasa kuchagua. Katika tiba ya skima (yaani mifumo ya fikra na hisia iliyojengeka tangu utotoni) iliyoanzishwa na Jeffrey Young, sauti ya kuadhibu ambayo mtu aliirithi kwa mzazi au mlezi mkatili haichukuliwi kuwa mwenzi wa kusuluhishwa naye. Mtaalamu mwenyewe anaweza kukigeukia kiti kile kitupu, akaikemea sauti hiyo kwa niaba ya mteja, na hata kukitoa kiti nje ya chumba. Mimi hupima kwa swali moja ninalomuuliza mkosoaji: “Unamlaumu ili iweje?” Jibu likionyesha kwamba kuna wasiwasi juu ya mteja, hata kama umevikwa ukali, naendelea kutafuta maelewano. Likiwa ni chuki tupu, simrudishi mteja kwenye kiti hicho. Kwa anayeporomoka kila mara, napendelea kiti cha tatu, kama inavyofanywa katika tiba inayolenga huruma ya Paul Gilbert. Huko mteja hutuliza kwanza pumzi na kunyoosha mkao, ndipo azungumze akiwa ile nafsi yake yenye busara na upole.

Mpangilio wa viti usiupuuze. Vitazamane, nawe uketi pembeni karibu na mteja, usikae katikati yao kama mwamuzi. Kila sauti iwe na kiti chake, na mteja ahame kwa mwili; ukimwacha aseme sauti zote mbili akiwa kwenye kiti kimoja, zitachanganyika. Anza mapema vya kutosha ili usije ukamuaga akiwa bado ameinama.

Zipo hali ambazo zinataka uache viti kabisa. Iwapo sauti inamwambia mteja ajidhuru au afe, weka mbinu pembeni na ufanye tathmini ya hatari ya kujiua papo hapo. Iwapo macho yake yamekodoka na hajui tena yuko wapi, mrudishe kwenye kiti chake cha kawaida, ataje vitu anavyoviona chumbani na akanyage sakafu kwa miguu yote miwili. Na aliye katika kipindi cha saikosisi (hali ya akili ya kupoteza uhusiano na uhalisia), anayesikia sauti asizoweza kuzitofautisha na zake, si mtu wa kuanzishiwa zoezi hili.

Kuhusu video, kazi inawezekana. Mwombe mteja aandae viti viwili kabla ya kikao na aweke kamera mahali inapovionyesha vyote, kwa kuwa usipoona mkao wake utakosa nusu ya habari. Hakikisha yuko faragha, maana hatamwaga hasira ya mkosoaji huku akihofia kusikika chumba cha pili. Kabla hamjaanza, kubalianeni mtafanya nini mtandao ukikatika akiwa katikati ya hisia nzito, nawe uwe na namba yake ya simu pamoja na ya mtu wake wa karibu.